Mwalimu Peninah na Hotuba ya Baba wa Bibi Harusi

Mwalimu Peninah akikujulia hali, usimjibu "mzuri" ukanyamaza. Atakutazama juu ya miwani mpaka uongeze kitu. Kwake yeye mtu aliyepita darasani hajibu salamu kwa neno moja kama mtu anayefukuza kuku. Kwa hiyo mimi huwahi kumwambia kwamba niko buheri wa afya, mzima kama kigongo, ndipo anapotabasamu na kuniruhusu niketi.

Alifundisha shule ya msingi huko Nyamira kwa zaidi ya miaka thelathini, kisha akaja Birmingham kumfuata binti yake Kwamboka, ambaye ni muuguzi. Ualimu wake haukuvuka naye. Hapa kazi aliyopata ni ya kutunza wazee katika nyumba moja ya Edgbaston, mahali penye miti mikubwa na nyasi zilizokatwa kama nywele zilizopita kwa kinyozi mwangalifu. Anawaogesha wazee wa Kiingereza, anawalisha, na wakikosea sarufi anawasahihisha. Sikutanii. Kuna mzee mmoja aliyekuwa karani wa benki maisha yake yote, akaanza kuomba yeye tu ndiye amletee uji, kwa sababu alisema ndiye mtu wa mwisho Birmingham anayemaliza sentensi.

Mimi naitwa Audrey, naishi Small Heath na nafanya kazi hospitalini. Tunasali kanisa moja. Huwa nasema ni rafiki yangu, lakini kwa umri angeweza kunizaa, na tangu nimjue sijawahi kumwita jina lake tupu.

Sasa, ili umwelewe Mwalimu Peninah, lazima uelewe insha za shule za Kenya. Sisi tuliosomea kule tulifundishwa kwamba insha isiyo na nahau ni mchuzi usio na chumvi. Hakuna mtoto katika insha zetu aliyewahi kuamka hivi hivi tu. Wote tulirauka alfajiri na mapema, jogoo wakiwika, ndege wakiimba, mioyo yetu ikiruka kwa furaha. Kwa Kiingereza ilikuwa vivyo hivyo, na pengine zaidi. Kila nahau ilipewa alama ya vema kwa kalamu nyekundu, na mwenye vema nyingi ndiye aliyesomewa insha yake mbele ya darasa. Mimi nilisomewa mara nyingi. Kisha nikafika Birmingham, siku ya kwanza kazini nikamwambia mkuu wa wodi yetu, Raksha, kwamba nje mvua inanyesha paka na mbwa. Raksha alicheka mpaka akashika meza. Aliniambia mara ya mwisho kusikia maneno hayo ni kwa mwalimu wake wa chekechea.

Mimi niliona aibu, nikajifunza kusema "mvua tu." Mwalimu Peninah hakuwahi kuona aibu hiyo. Yeye aliamini Waingereza ndio waliosahau kwao, na kwamba Mungu amemleta kuwakumbusha.

Darasa lenyewe lilizaliwa jikoni, kule kwenye nyumba ya wazee. Kulikuwa na mfanyakazi mwenzake aitwaye Rimma, mama wa Moldova anayezungumza Kirusi, mwembamba, mwepesi wa kulia. Rimma alikuwa amesoma Kiingereza cha kitabu, anajua nyakati zote za vitenzi, lakini watoto wa wale wazee wakipiga simu hakuelewa kitu. Mmoja aliuliza kama mama yake bado yuko chini ya hali ya hewa, yaani kama bado hajisikii vizuri. Rimma akatoka nje kutazama mawingu. Mwalimu alimkuta anafuta machozi kwa aproni, akamwambia, "Njoo Jumapili. Hii ndiyo kazi yangu hasa."

Ilikuwa Jumapili kwa sababu sisi ni Waadventista na Sabato haiguswi. Walipata ukumbi mdogo nyuma ya kanisa moja Balsall Heath, ambao hata ukifunga madirisha unanukia vitunguu na bizari vya mkahawa wa jirani. Rimma alileta wenzake: mama wawili wa Lithuania, kijana wa Kazakhstan anayesomea uhandisi, na mwanamume mmoja mkimya wa Latvia, Gennadi. Wametoka nchi mbalimbali, lakini wakikutana lugha yao ni Kirusi, kama vile sisi wa makabila mbalimbali tukikutana Coventry Road tunavyoangukia Kiswahili. Kazi yangu ilikuwa chai. Chai ya maziwa, yenye tangawizi, iliyochemshwa pamoja, si ile ya kutumbukiza mfuko kwenye maji kama mtu anayeosha soksi.

Namna yake ya kufundisha nilikuwa sijaiona popote. Aliandika nahau ya Kiingereza ubaoni, akaeleza maana yake polepole, kisha akauliza kila mtu: kwenu mnasemaje? Mpaka nahau ya kwao ipatikane, na yeye atoe ya kwetu, hakuna kuendelea. Waingereza husema usinunue nguruwe ndani ya mfuko. Warusi wakasema, hata kwetu, lakini ni paka. Mwalimu akatangaza kwamba kwetu huuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwamba kati ya hao wote mbuzi ndiye mwenye faida. Kwa Waingereza jambo lisilowezekana litatokea siku nguruwe watakapopaa. Warusi wanangoja kaa wa mtoni apige mluzi juu ya mlima. Sisi tunangoja kuku aote meno. Walicheka sana siku hiyo, na yule kijana wa Kazakhstan alichora kuku mwenye meno ubaoni, na kuku huyo akaachwa pale wiki nzima.

Mara moja tu Mwalimu alikataa kuandika. Alikuwa amefundisha kwamba Waingereza humtakia heri mwigizaji kwa kumwambia avunjike mguu. Rimma akaeleza kwamba kwao mtu anayekwenda kwenye mtihani huambiwa asipate manyoya ya mnyama wala ya ndege, na yeye sharti ajibu, "Nenda kwa shetani," la sivyo bahati inaharibika. Mwalimu aliweka chaki chini. Akasema katika ukumbi wa kanisa hakuna atakayetumwa huko, mtihani au si mtihani, na akatupa mapumziko ya chai kabla ya wakati.

Nilikuwa nikimtazama usoni akifundisha, na nasema kweli, nilimpenda. Kule Edgbaston watu walimwita "darling" na kumpa sinia. Pale ukumbini, kwa muda wa Jumapili moja, mgongo wake ulinyooka. Na wanafunzi walimpenda pia. Rimma alikuja siku moja amejawa furaha, kwamba amemwambia binti wa mgonjwa kwenye simu kwamba mama yake yuko sawa kama mvua, yaani mzima kabisa, na yule binti akashusha pumzi na kumshukuru. Mwalimu alimpigia makofi, akatufanya na sisi tupige.

Gennadi ndiye aliyekuwa hasemi. Alikaa karibu na mlango, mikono mikubwa juu ya magoti, koti halivui. Alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate, na kila Jumapili alituletea mkate uliobaki. Ilichukua muda kabla hajatueleza habari zake, na hata hivyo alimweleza Mwalimu tu, mimi nikiwa naosha vikombe karibu. Alikuja Birmingham na mkewe Larisa na mtoto wao wa kike, Evelina. Baada ya miaka miwili Larisa akaugua, akafa. Mtoto alikuwa na miaka kumi.

Sasa Evelina alikuwa mtu mzima, mrembo, mfanyakazi wa ofisi, anaolewa na kijana wa hapa hapa aitwaye Ronny. Na kati yake na baba yake lugha ilikuwa imekatika. Si kwa ugomvi. Gennadi alifanya kazi usiku akalala mchana, mtoto akalelewa na shule na televisheni, na Kirusi chake kikabaki pale pale kilipoachwa na mama yake. Baba akisema kwa Kirusi, binti alijibu kwa Kiingereza, na Kiingereza cha baba kilikuwa cha kiwandani: sukuma, inua, moto, tahadhari. Hapo nilimwelewa bila kuelezwa zaidi. Mwanangu mwenyewe amezaliwa hapa. Nikimwambia kwa Kiswahili aje ale, anasikia vizuri. Nikimwambia aoshe vyombo, Kiswahili kinamtoka kichwani, ananijibu kwa Kiingereza cha Birmingham ambacho hata mimi nakikimbiza.

Shida ilikuwa hii. Katika harusi za Waingereza baba wa bibi harusi husimama mezani akatoa hotuba. Evelina, kwa upole, alimwambia baba yake asijisumbue. Baba yake Ronny ni msemaji mzuri, angesema kwa niaba ya pande zote mbili. Gennadi aliitikia kwa kichwa, kama kawaida yake. Lakini alikuja kwa Mwalimu.

"Yule mzee hakumjua Larisa," alisema. Kiingereza chake kilikuwa cha kupapasa, lakini hilo alilisema sawasawa. "Pale hakuna aliyemjua Larisa. Nisiposema mimi, mama yake hatatajwa."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema hotuba itakuwepo, na itakuwa hotuba ambayo Birmingham haijawahi kuisikia. Nami nilisema moyoni, amina.

Wiki kadhaa zilifuata za kazi ngumu. Gennadi alitoka kiwandani asubuhi, akalala kidogo, akaja nyumbani kwa Mwalimu akiwa na unga kwenye nyusi. Mwalimu alimfundisha kama alivyowafundisha watoto wa darasa la nane kabla ya mtihani wa taifa. Alimpa nahau, akamfanya azikariri akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Kwamboka alinipigia simu akalalamika kwamba nyumba yake imegeuka bweni. Lakini alisema pia kwamba hajamwona mama yake na furaha kama ile tangu atoke Nyamira.

Kisha ikafika Jumapili ya mazoezi. Gennadi alisimama mbele yetu ukumbini, amevaa tai. Akaanza kusoma.

Ewe msomaji, nifanyeje nikueleze? Alisema leo ana furaha kama mfalme. Akasema binti yake ni tufaha la jicho lake, hakuzaliwa na kijiko cha fedha kinywani, lakini aliuchoma mshumaa ncha zote mbili mpaka akafika juu ya ngazi. Ronny ni chumvi ya dunia. Ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja. Mwalimu alikuwa amekaa kiti cha mbele, na kwa kila nahau kidole chake kiliandika vema hewani. Akafika kwa Larisa. Akasema Larisa hakuacha jiwe bila kuligeuza, kisha akavuta pumzi yake ya mwisho na kwenda kwenye malisho ya kijani zaidi. Akaendelea kwa wageni waheshimiwa.

Rimma alikuwa anatazama viatu vyake. Wale mama wa Lithuania walipiga makofi ya adabu. Gennadi alikunja karatasi, na nikaona usoni pake kwamba alijua. Alikuwa amemtaja mkewe na mkewe hakuja.

Mimi sina mdomo wa kufunga. Nilimwambia Mwalimu, kwa Kiswahili ili wengine wasisikie, "Mwalimu, hiyo speech ni safi, ingepata arobaini kwa arobaini. Lakini huyo mama ametajwa hapo, mimi simwoni."

Alinigeukia taratibu. "Audrey, wewe umekuja kupika chai ama umekuja ku-mark?"

Nilimwambia nimekuja kupika chai, lakini macho ninayo. Nikamwambia watu wa Ronny watacheka, si kwa ubaya, watacheka tu kama Raksha alivyonicheka mimi, na kwamba Evelina atakaa pale amevaa gauni jeupe akimwona baba yake anachekwa katika habari za mama yake. Mwalimu alifuta ubao, ingawa haukuwa na kitu, akachukua mkoba wake, akaenda kituo cha basi peke yake. Alikuwa ameumia na mimi niliumia kwa kumwumiza, maana ukweli una miiba hata ukisemwa na anayekupenda. Wiki ile nilimpigia simu, haikushikwa.

Tulionana Sabato, kanisani. Siku hiyo tulikuwa na mhubiri mgeni kutoka Kisii, mzee wa makamo, sauti kama ngoma. Alihubiri kwa Kiswahili, na kwa ajili ya vijana wetu waliozaliwa hapa, mzee wa kanisa Jairus alisimama ubavuni pake akitafsiri kwa Kiingereza. Kama umesali Kenya unaijua desturi hii, na pengine huioni tena kwa kuizoea. Mhubiri anasema sentensi moja, anangoja, mkalimani anaisema. Mhubiri akipaza sauti, mkalimani anapaza. Akiinua mkono, mkono wa pili unainuka. Mhubiri alisimulia habari ya kumzika mamake, sauti ikamkatika, na Jairus, ambaye siku za kawaida ni mtu wa kuendesha lori na kuzungumza juu ya bei ya matairi, naye sauti ikamkatika. Vijana waliacha simu zao. Mwanangu aliacha simu yake.

Mwalimu Peninah alikuwa amekaa safu mbili mbele yangu. Katikati ya mahubiri aligeuka nyuma, kitu asichowahi kufanya kanisani maisha yake yote, akanitazama. Nilijua tumepatana.

Kesho yake alimwambia Gennadi aiweke ile karatasi kando. Aseme kwa Kirusi, yale ambayo angemwambia Larisa mwenyewe. Rimma angesimama ubavuni pake na kutafsiri.

Gennadi alikataa. Alisema huu ni uzembe, watasema amekaa hapa miaka yote na bado hajui lugha ya watu. Alisema hakuna harusi ya Kiingereza inayofanywa hivyo. Hilo lilikuwa kweli, wala Mwalimu hakulipinga.

"Kwetu," alimwambia, "mtu anayesimama na mkalimani hakuna anayesema hajasoma. Tunasema ametoka mbali, na analo neno. Ndiyo sababu tunanyamaza."

Gennadi akauliza kama zile nahau zote zinatupwa. Mwalimu alimwambia azitunze, zitamfaa kazini.

Zamu ya kuteseka ikawa ya Rimma. Mwalimu alimfundisha ukalimani kama wa kanisani: usisimame nyuma yake, simama bega kwa bega. Usinong'one. Usiongeze lako. Akishusha sauti, shusha. Akinyamaza, nyamaza, usijaze kimya chake. Rimma alilia, akaambiwa kulia kunaruhusiwa lakini baada ya sentensi. Gennadi hakuyafanyia mazoezi maneno yake mbele yetu. Alisema atayasema mara moja tu.

Harusi ilifanyika katika hoteli ndogo huko Edgbaston, chumba chenye madirisha marefu yanayotazama bustani. Waingereza hawaalikani kama sisi, ambao tukiongeza sufuria moja tunaalika mtaa mzima. Kila kiti kina jina la mtu. Upande wa Gennadi ulipewa meza moja, na kwa kuwa hakuwa na ndugu Uingereza, viti vyake alivigawa kwetu: Mwalimu, Rimma, mimi, wale mama wa Lithuania na kijana wa Kazakhstan. Ndio tuliokuwa ukoo. Mwalimu alivaa kitenge cha zambarau na kilemba kilichomfanya mpiga picha aje kwetu mara tatu.

Baba yake Ronny alitangulia, na alikuwa msemaji kweli. Alituchekesha sana. Kisha Gennadi akasimama, na Rimma akasimama naye. Nilimwona Evelina anashtuka. Alimtazama baba yake, akamtazama Rimma, rangi ikampanda shingoni, akainamisha macho kwenye sahani. Chini ya meza Mwalimu alinishika mkono, akaubana mpaka pete yangu ikaniuma.

Gennadi alianza kwa Kirusi. Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake halisi. Ile ya Kiingereza ilikuwa kana kwamba mtu amekopa koti lisilomtosha, na hii ilikuwa yake, nzito, ya upole. Rimma alitafsiri waziwazi, sentensi kwa sentensi. Alisema jina lake ni Gennadi na anapika mikate. Alisema huenda watu wengi humu wamekula mkate wake bila kujua. Wakacheka kidogo, kicheko kizuri. Alisema Evelina alikuwa na mama aliyeitwa Larisa, aliyekuwa anaimba vibaya sana na hakuacha kuimba. Alisema walipofika Birmingham Larisa alimshona Evelina sare ya shule kwa sababu za dukani zilikuwa pana, na akaikosea rangi, na mtoto akaenda nayo shuleni mwaka mzima akijivuna.

Evelina aliinua macho.

Kisha Gennadi akasema sentensi moja fupi, na Rimma akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Ilikuwa nahau ya kwao. Baadaye alituambia ilisema kwamba yeye na Larisa waliishi roho ndani ya roho. Lakini pale, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Peninah, Rimma alitafuta nahau ya Kiingereza iliyo sawa nayo, kama tulivyofanya kila Jumapili, na hakuipata. Alitutazama. Alimtazama Mwalimu moja kwa moja, kwa macho ya mtoto aliyekwama ubaoni. Watu walianza kujigeuzageuza kwenye viti. Sisi tunayo, nilitaka kupiga kelele, sisi tunasema chanda na pete, tunasema ulimi na mate. Lakini Mwalimu, aliyekuwa na nahau ya Kiingereza kwa kila jambo chini ya jua, alitikisa kichwa. Hakuwa nayo.

"Najua hiyo," alisema Evelina.

Alikuwa amesimama. Alikusanya gauni lake kwa mkono mmoja, akapita nyuma ya kiti cha Ronny na cha baba mkwe, akaenda kusimama upande wa pili wa baba yake, bega kwa bega, ingawa yeye hakuna aliyemfundisha. Aliwaambia wageni kwa Kiingereza kwamba hilo halina neno lake hapa. Akasema ni vile wazazi wake walivyokuwa wakiosha vyombo pamoja jikoni bila kuzungumza, na yeye akiwa chini ya meza akidhani wanazungumza. Rimma alirudi kwetu kimya kimya, akaketi, akaanza kulia, maana sentensi zake zilikuwa zimekwisha.

Basi Gennadi akaendelea na Evelina akatafsiri. Mara nyingine alimsimamisha baba yake, akauliza neno, baba akampa jingine jepesi zaidi. Alisema Larisa akiwa hospitalini alimwomba kitu kimoja tu: azungumze na mtoto kila siku. Evelina aliyasema hayo kwa Kiingereza na sauti yake ikashuka pale pale ya baba iliposhuka. Gennadi akasema lakini kazi ilikuwa ya usiku. Alipotoka mtoto alikuwa amelala, aliporudi mtoto alikuwa ameenda shule, akawa anaacha mkate mezani, akidhani mkate unazungumza. Evelina alitafsiri na hilo. Pale mbele nilimwona baba yake Ronny, yule msemaji, amefunika macho kwa kitambaa cha kufutia mdomo.

Gennadi akamgeukia binti yake, akaacha kutazama wageni, akasema maneno machache tu.

Ukumbi mzima ulingoja. Evelina hakuyatafsiri. Alimjibu.

Alimjibu kwa Kirusi, polepole, akitafuta kila neno, na baba yake akamshika uso kwa mikono yake miwili ile mikubwa. Mwalimu Peninah, ambaye hajawahi kuliacha neno lipite bila kuuliza maana yake, safari hii hakuuliza. Ni mimi niliyemuuliza Rimma.

Rimma alifuta pua. Alisema Gennadi amemwomba msamaha kwa miaka ile yote ya kimya. Na Evelina, kwa Kirusi cha mtoto wa miaka kumi, chenye makosa, amesema: "Baba, niambie tena habari za mama. Ukikosa neno la Kiingereza usinyamaze, mimi nitaelewa."